Ziara pepe ya mji wa Lübeck kwa wanafunzi wa sekondari: nichague vituo vipi?

MwalimuHistoria

Habari zenu, walimu wenzangu. Ninafundisha historia kidato cha pili, na mada tuliyonayo sasa ni biashara ya Ulaya katika zama za kati. Ninakusudia kuwatembeza wanafunzi, kwa picha za nyuzi 360 zinazoonyeshwa kwa projekta, katika mji mkongwe wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, kwa sababu ndio uliokuwa kinara wa Hansa, ule ushirika wa miji ya wafanyabiashara ulioishika biashara ya Bahari ya Baltiki kwa karne kadhaa.

Muhula uliopita nilijaribu mji mwingine na nikafungua vituo kumi na viwili katika kipindi kimoja cha dakika 40. Nilipowauliza mwishoni wameona nini, kijana mmoja alinijibu bila hila yoyote kwamba ameona makanisa mengi, nami sikuwa na la kumlaumu. Safari hii ningependa vituo vichache. Mngenishauri nichague vipi, na niwaongoze wanafunzi namna gani ili watazame badala ya kupitisha macho tu?

Mchungulia_Ramani

Mwalimu mwenzangu, mimi ningetumia nusu ya kipindi mahali pamoja: kwenye lango la Holstentor, lililojengwa kati ya 1464 na 1478. Usianze kwa kuwaeleza lolote. Wape dakika tatu walitazame kimya, kisha uliza ni kitu gani hakijakaa sawa. Wapo watakaogundua kwamba minara yake miwili imeinama, kwani ardhi ya pale ni ya kinamasi na jengo lilianza kuzama tangu enzi za mafundi wenyewe. Mwite mwanafunzi mmoja aje mbele aweke ukingo wa karatasi kwenye skrini, sambamba na mnara, ili wenzake waone pengo linavyopanuka. Hakikisha tu kwamba mnara uko katikati ya picha, maana picha za aina hii hupinda mistari pembeni, na mnaweza kuishia kupima kosa la kamera mkidhani mnapima jengo.

Baada ya hapo wageuze upande wa pili wa lango. Ukuta unaotazama nje ya mji una unene unaozidi mita 3, ilhali ule unaotazama ndani haufiki hata mita 1. Waulize kwa nini, kisha waache wabishane. Binafsi naona swali hilo linafundisha mambo ya vita na ya matumizi ya fedha za mji kuliko aya nzima ya kitabu.

Hapo hapo, bila kuhama, geuza picha kidogo kuelekea mtoni na utaona maghala sita ya chumvi kando ya Trave. Chumvi ililetwa kutoka Lüneburg, na tangu 1398 ilipitia mfereji wa Stecknitz. Ikatumika kuhifadhia samaki aina ya heringi waliovuliwa huko Skania, kusini mwa Uswidi ya leo, na samaki hao wakauzwa katika nchi ambazo Wakristo hawakula nyama siku za mfungo. Uwe mwangalifu katika jambo moja: maghala yanayoonekana leo yalijengwa kati ya karne ya 16 na ya 18, wakati Hansa ilikuwa inafifia, na mkutano wake mkuu wa mwisho ulifanyika 1669. Wanafunzi wasidhani kwamba wanatazama karne ya 14.

Bi_Maktaba

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, hasa hapo mwisho, ila ningeongeza kituo kimoja: kanisa la Marienkirche, tena ndani ya mnara wake wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1942 mji ulishambuliwa kwa mabomu, kanisa likaungua, na kengele zikaanguka kutoka juu. Zingali pale zilipoangukia, zimepasuka na kujikunja, juu ya sakafu iliyovunjika. Sogeza picha karibu hadi mwanafunzi aone jinsi shaba ilivyomeguka, kisha mrudishe nje akaangalie minara ile mirefu iliyosimama kana kwamba haikuguswa. Ubaya wa ziara pepe ni kwamba kila kitu huonekana safi na cha kale kwa kiwango kimoja, wakati sehemu kubwa ya kanisa hilo ilikarabatiwa baada ya vita. Swali la kuwapa ni hili: katika hiki mnachokiona, kipi ni cha zamani na kipi kimejengwa upya, na mmejuaje?

Kuhusu vifaa, miwani ya uhalisia pepe si ya lazima. Kwa kweli humtenga mwanafunzi na wenzake, na mjadala hufa. Skrini moja ya pamoja inatosha. Hifadhi picha kwenye kompyuta mapema, usitegemee intaneti ya siku hiyo.

MwalimuHistoria

Ninawashukuru sana. Nimeamua kubaki na vituo viwili tu, lango pamoja na maghala yake, kisha kengele. Jana usiku nilijaribu karatasi kwenye skrini ya kompyuta yangu nyumbani, na mnara wa kusini wa lango ulinionyesha pengo waziwazi, hata binti yangu ambaye hajaanza darasa la kwanza akauliza kama nyumba ile itaanguka.