USHAURI: Subaru STI yangu inagonga, niweke petroli ya okteni ngapi?

Goda_GDB:
Wakuu, salamu. Nina Impreza WRX STI, GDB ya 2006, injini EJ207, imetoka Japani. Nikikanyaga gia ya tatu au ya nne, kuanzia mizunguko 3,000 injini inalia kama kokoto ndani ya kopo. Nikiachia pedeli, kimya. Nipo Dar, Ijumaa natakiwa niwe njiani kwenda Arusha. Naombeni kujua: gari hii inafaa petroli ya okteni ngapi, na zile dawa za chupa za kupandisha okteni zinasaidia? Mengine yote yako sawa, gari imetunzwa.

MzeeWaBokza:
Kibandiko cha mfuniko wa tangi kinataka premiamu, yaani petroli ya okteni ya juu. Kiwango cha Japani kwa premiamu ni RON (kipimo cha okteni) 96 kwenda juu, na inayouzwa huko kwa kawaida ni 100. Hapa kwetu usipange kwa zaidi ya 95.

EJ207 ina mbano wa 8.0:1 tu, lakini turbo inasukuma hewa nyingi na ya moto. Okteni ni uwezo wa petroli kutojiwasha yenyewe; ikiwa ndogo, mchanganyiko uliobaki pembeni mwa silinda unajiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndiyo hizo kokoto. Sasa sikia: STI isiyoguswa ikipewa 95, noki sensa (kifaa kinachosikiliza kugonga) inasikia mapema kuliko wewe, kompyuta inarudisha taiming (wakati wa cheche) nyuma, gari inakuwa nzito kidogo basi. Ukifika mahali unasikia kwa masikio yako, kuna kitu kingine. Kompyuta imeguswa?

CrownTu:
Uza hiyo, chukua Crown. Arusha unafika umelala.

dada_plagi:
@CrownTu Crown yenye injini ya 4GR-FSE ina mbano wa 12.0:1 na Japani inawekewa premiamu hiyo hiyo. Hujaikimbia okteni.

Dawa za chupa: zikisema "pointi 5" mara nyingi ni nusu ya okteni, yaani 95 inakuwa 95.5. Nyingi zina manganizi au chuma, na ukizitumia kila tangi porseleni ya plagi inageuka rangi ya matofali, cheche inaanza kupotea.

MamaWawili:
Kaka, barabara ya Chalinze kwenda Segera ina vijiji na watoto wanavuka. Hiyo gia ya nne unaikanyagia wapi? Kabla ya okteni, rekebisha mguu.

kipima_busti:
Tahadhari kwa wanaosoma mitandao ya Marekani: 91 yao si 91 yetu. Wao wanachukua wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni kinachotoa namba ndogo zaidi. 91 ya pampu ya kule ni kama RON 95 au 96, na 93 yao ni kama 98. Ramani ya kompyuta (maagizo ya taiming na mafuta) iliyoandikwa "93" usiipige kwenye gari inayokunywa RON 93.

Goda_GDB:
@MzeeWaBokza Ndiyo, ilifanyiwa remapu, ramani iliandikwa upya. Busti (shinikizo la turbo) bar 1.5. Ila fundi anajua kazi, na nimeshamlipa nusu, kwa hiyo kurudi nyuma sirudi. Tusiiseme ramani, mimi nauliza mafuta.

MzeeWaBokza:
Huwezi kutenganisha ramani na mafuta, mkuu. Taiming ya kila mzunguko na kila busti imeandikwa kwa okteni fulani. Ramani yako iliandikwa kwa ngapi?

Goda_GDB:
Kwa 100. Na 100 naipata, ndiyo maana sikuona haja ya kueleza. Naweka mchanganyiko.

dada_plagi:
Mchanganyiko wa nini na nini? Lita ngapi?

Goda_GDB:
Super lita 40 na mafuta ya ndege lita 10. Kuna jamaa anayatoa kiwanja kidogo cha ndege za watalii. Ndege zinatumia 100, kila mtu anajua. Na bei yake iko chini ya sheli. Nina dumu jingine la lita 20 kwa ajili ya safari. Ninachotaka kujua ni uwiano tu, niongeze hadi 15?

NyunduYaKweli:
Wakuu, tusipoteze muda, uzi huu umetungwa. Petroli ya ndege, avgas 100LL, ina risasi na ni ghali kuliko petroli ya gari popote. Hakuna wa kukuuzia chini ya bei ya sheli. Halafu mtu ana 100 kwenye tangi na bado injini inagonga? Mwandishi ajipange upya. Goda, hayo mafuta yana rangi gani?

Goda_GDB:
Sina sababu ya kutunga, gari ninayo hapa nje. Meupe kama maji. Yana harufu ya mafuta ya taa kwa mbali, nikajua ni ya ndege ndivyo yalivyo.

dada_plagi:
Basi hajatunga. Maelezo yote yamekaa sawa sasa. 100LL ni ya bluu. Meupe, harufu ya mafuta ya taa, bei ya chini: hiyo ni Jet A-1. Ndege nyingi za safari, Cessna Caravan kwa mfano, zina injini ya tabaini na zinakunywa hiyo. Jet A-1 ni mafuta ya taa yaliyosafishwa vizuri. Okteni yake iko karibu na 20.

Piga hesabu ya makadirio: lita 40 za 95 na lita 10 za 20 zinakupa kama 80. Ramani ya 100, busti 1.5, mafuta ya 80. Usiiwashe.

NyunduYaKweli:
Nimeelewa, naondoa shaka. Lakini apime kwanza, tusihukumu kwa harufu.

kipima_busti:
Kupima ni rahisi. Dondosha tone la lile dumu kwenye karatasi nyeupe na tone la petroli ya sheli pembeni. Petroli inapotea upesi, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta linalokaa. Kisha pima lita moja kwenye mizani ya jikoni, toa uzito wa chombo. Petroli ni gramu 720 hadi 775, Jet A-1 ni 775 hadi 840 (vipimo vya nyuzi 15, kwenye joto la Dar vinashuka kidogo). Fanyia nje, mbali na jiko na sigara.

Goda_GDB:
Doa limebaki. Mizani imesoma 792. Lakini lipo nusu tangi tu, nikijaza super juu yake si itapungua makali? Ijumaa siwezi kuahirisha.

MzeeWaBokza:
Ukijaza, bado una mafuta ya taa ndani, na ramani bado inadai 100. Safari nenda kwa basi. Gari ifanyiwe hivi:

Tangi lifyonzwe lote. La gari ya AWD (inayosukuma magurudumu yote manne) lina pande mbili kama tandiko, na mafundi wengi wanafyonza upande wa pampu tu, upande wa pili unabaki na lita kadhaa. Badilisha na filta ya petroli.

Chomoa kijiti cha oili unuse. Mafuta ya taa hayaungui yote, yanateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Mwaga oili na filta hata kama huna uhakika.

Toa plagi zote nne, chukua tochi, angalia porseleni nyeupe kwa karibu. Ukiona vipunje vyeusi au vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Halafu pima mbano wa kila silinda. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, usifunge plagi, ifunguliwe. Anza kupima namba 4, kwenye EJ ndiyo huumia mara nyingi.

Ikiwa salama, fundi wako aandike ramani ya 95: ashushe busti hadi bar 1.1, apunguze taiming, na hewa kwa mafuta ikae karibu na 11:1 kwenye busti kamili. Plagi za NGK namba 7 badala ya 6, pengo milimita 0.7. Akurekodie kipimo cha taiming cha kompyuta: kiwe 16 au 1.0 kulingana na aina ya kompyuta. Kikishuka, mwambie apunguze tena. Hapo sheli yoyote ya kuaminika inakutosha, na Arusha utapanda bila kokoto.

Goda_GDB:
Nimempigia fundi, anakuja kufyonza kesho asubuhi. Nusu yake iliyobaki ataifanyia ramani ya 95. Yale yatakayotoka kwenye tangi nampa bi mdogo nyumbani, ana jiko la mafuta ya taa.

dada_plagi:
Usithubutu! Yale ni petroli kwa sehemu kubwa. Kwenye jiko la utambi au taa yanalipuka usoni kwa mtu. Hata lile dumu usimpe, limekaa karibu na petroli na hujui lilibebea nini kabla. Weka kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, andika PETROLI CHAFU kwa herufi kubwa, peleka kwa wanaokusanya oili chafu gereji.

Goda_GDB:
Sawa dada. Naandika sasa hivi.