Ringu au The Ring: kwa nini watazamaji hawakubaliani?

Mwanzisha mada: Ndugu wapenzi wa filamu za kutisha, nimetazama Ringu ya Hideo Nakata ya mwaka 1998, kisha The Ring, toleo la Marekani la mwaka 2002 lililoongozwa na Gore Verbinski, na nimeshangaa jinsi watazamaji walivyogawanyika juu ya hadithi ile ile ya mkanda wa video unaomuua aliyeutazama baada ya siku 7. Je, toleo jipya limeongeza nini, au limeharibu nini?

Mchangiaji wa kwanza: Kwangu limeharibu. Katika filamu ya Kijapani uso wa Sadako, mzimu wa mkanda huo, umefunikwa na nywele, tunaonyeshwa jicho moja tu, na akili ya mtazamaji ndiyo inayomalizia kazi iliyobaki. Wamarekani wametufunulia uso wa Samara, mzimu wa toleo lao, na hofu ikishapewa sura hupungua.

Mchangiaji wa pili: Naheshimu hoja hiyo, lakini umemsahau yule farasi anayepagawa ndani ya kivuko na kujitupa majini, tukio ambalo halimo kabisa katika Ringu. Zaidi ya hayo, Ryuji wa Ringu, anayesaidia kuuchunguza mkanda, ana uwezo wa kuhisi yasiyoonekana, jambo linalorahisisha mno uchunguzi, ilhali Noah, anayeshika nafasi yake katika The Ring, ni mtu wa kawaida, hivyo Rachel, mhusika mkuu anayeigizwa na Naomi Watts, hulazimika kuutafuta ukweli hatua kwa hatua, kama mwandishi wa habari anavyopaswa.

Mwanzisha mada: Hilo la Ryuji sikuwa nimelifikiria. Nitaitazama Ringu tena, safari hii mchana.