Wenyeji wa Baker Lake walikosea kuikataa urani?

Mzee wa Sanawari: Wadau, Baker Lake ni mji mdogo wa Wainuit, wenyeji wa asili wa huko Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada. Mwaka 1990 walipiga kura, zaidi ya asilimia 90 wakaukataa mgodi wa Kiggavik wa urani, yale madini ya nishati ya nyuklia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Baadaye Areva, kampuni ya Ufaransa, ikaja na mradi uleule. Mwaka 2015 bodi ya mapitio ya Nunavut ikashauri usiendelee kwa sababu kampuni haikuwa na tarehe ya kuanza, na 2016 serikali ikakubali. Mimi nasema wenyeji walikosea. Utafiti wa madini siyo mgodi. Unachoronga, unapima sampuli, unajua umekalia nini. Ukishajua ndipo ukatae.

Binti Kiboriloni: Shikamoo mzee. Wale wanakula nyama ya caribou, wanyama wanaohama kwa makundi kama nyumbu wetu wa Serengeti. Helikopta ya watafiti ikipita chini wakati majike yanazaa, kundi linakimbia. Mwindaji anapata hasara hata kabla ya mgodi. Ndiyo maana walikwenda mahakamani tangu miaka ya 70 kupinga huohuo utafiti unaouona mdogo.

Mzee wa Sanawari: Marahaba binti. Lakini nyama peke yake haisomeshi watoto. Mrabaha, yaani fungu ambalo kampuni inalipa kwa madini inayochimba, unasomesha.

Chalii wa Ngarenanyuki: Mrabaha utaukuta kwenye hotuba. Urani ikishachimbwa, mabaki yake yanatoa mionzi vizazi na vizazi. Kampuni inaondoka, mabaki yanabaki na mwenyeji.

Mangi wa Himo: Watu wa Arusha bwana! Mmekunywa maji mpaka meno yakawa kahawia, leo mnawafundisha Wakanada usalama?

Chalii wa Ngarenanyuki: Mangi, meno yangu ni ya kahawia na sikuyachagua. Fluoridi inatoka kwenye miamba ya Mlima Meru, na mtoto anakunywa maji yaliyopo. Wapo wenzangu waliopinda miguu. Unamcheka nani?

Mama Usa River: Mangi, omba radhi. Hilo ni gonjwa la watu wetu. Na serikali ilikuwa inaruhusu miligramu 8 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linasema 1.5!

Mzee wa Sanawari: Hiyo 8 ni ya zamani, ya vijijini. Ikaja 4, halafu ndiyo 1.5. Tuwe na hakika tunapotaja tarakimu.

Mama Usa River: Mzee, 8 au 4, anayekunywa ni mwanangu. Unatetea tarakimu, hutetei watoto.

Mangi wa Himo: Sikumcheka mtu. Nasema hatari mnayoishi nayo mmeizoea, ya mbali mnaipigia kelele. Fosfati ya Minjingu ina urani kuliko miamba ya kawaida, na mbolea yake tunaimwaga mashambani. Nani kawahi kuandamana?

Binti Kiboriloni: Hapo umesema la maana, ila limekugeuka. Kama hatukuulizwa kuhusu Minjingu wala maji, ndiyo sababu ya kuwasifu waliopata nafasi ya kuulizwa wakajibu.

Mzee wa Sanawari: Basi tuje nyumbani. Mto Mkuju, kule Namtumbo. Mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Selous usogezwe ili urani ichimbwe. Mnataka tuiache ardhini wakati Ruvuma vijana hawana kazi?

Chalii wa Ngarenanyuki: Mzee, mimi nataka wa Namtumbo wapimiwe maji ya visima vyao sasa hivi, kabla ya uchimbaji mkubwa, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji. Sisi tulipimiwa meno yakiwa yameshaharibika.

Mangi wa Himo: Kupima maji sikatai. Gharama alipe nani, halmashauri au mwekezaji?

Mama Usa River: Mwekezaji alipe, maabara ichaguliwe na kijiji. Na wewe Mangi bado hujaomba radhi.