Naomba ushauri: nitoeje maoni kuhusu leseni ya kinu cha nyuklia?

Ndugu zangu, ninaishi Marekani, katika mji ambako inapendekezwa kinu cha nyuklia kijengwe kwenye kiwanja cha mtambo wa makaa ya mawe uliofungwa. Sheria ya ADVANCE, iliyotiwa saini na Rais Biden Julai 2024, inaitaka Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ipunguze ada za waombaji wa leseni za vinu vya kisasa na iharakishe mapitio, yakiwemo ya viwanja vya aina hii. Umeme tunauhitaji, na ajira zilizopotea bado zinatuuma; lakini mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, ambayo nchi hii haina mahali pa kudumu pa kuyazika, yananinyima usingizi. Mliowahi kushiriki vikao vya wananchi kuhusu leseni, naomba mnishauri: hoja hiyo niiwasilishe mapema kwa maandishi, au nisubiri kuisema kikaoni?