Tupeane uzoefu: mekanika ilikukwamisha wapi sekondari?

Kapi Laini: Jana mdogo wangu aliniletea swali la mizigo miwili inayoning'inia kwenye kapi, nami nikakumbuka mtihani ulionivunja moyo. Mmoja ulikuwa wa kilo 3 na mwingine wa kilo 2, nikaandika bila kusita kwamba mkazo wa uzi (nguvu ambayo uzi unavuta nayo) ni uzito wa ule mzito, yaani nyutoni 29.4. Kwa hesabu hiyo mzigo mzito ukawa umetulia tuli, ilhali mwepesi unapaa kwa mchapuko wa mita 4.9 kwa sekunde mraba, na yote miwili imefungwa kwenye uzi mmoja! Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Uzi ulikatika lini?" Jibu lilikuwa nyutoni 23.52. Wenzangu, mlikwama wapi?

Jiwe Bapa: Hapo hapo, ndugu yangu.

Chembe: Mimi nilikosea kitufe. Tulipewa kasha linaloteleza kwenye mtelemko wa nyuzi 35, na usiku uliotangulia nilikuwa nimefanya kalkulasi kwa radiani (kipimo kingine cha pembe), nikasahau kukirudisha kikokotoo kwenye digrii. Sain ikatoka hasi 0.428, kosaini hasi 0.904. Kasha likawa linapanda mtelemko lenyewe, na ubao, badala ya kulisukuma, ukawa unalivuta. Nilitumia karibu nusu saa nikitunga sababu za kasha kupanda, kisha nikafuta majibu mawili yaliyokuwa sahihi ili yalingane na lile bovu (hadi leo sijui ni pepo gani aliyeniingia). Nilikitazama kikokotoo vizuri msimamizi alipotangaza kwamba zimebaki dakika 5.

Bi Vekta: Samahani, sisadiki. Pembe za mitihani ni 30, 45 na 60, na sain zake hukaririwa.

Chembe: Ilikuwa 35, dada, na wewe hukuwemo chumbani.

Jiwe Bapa: Acheni ugomvi. Anayesoma sasa na achore kila kani kwa mshale kabla ya kuandika mlinganyo wowote.

Bi Vekta: Mimi sikuchora kamwe. Nilianza na nishati, nikapata kasi kwa mistari miwili.

Jiwe Bapa: Na swali likitaka mkazo?

Bi Vekta: Hapo nilikuwa nachora, kwa siri.

Kapi Laini: Mdogo wangu amesoma yote haya, naye anauliza kwa nini mkazo ni uleule pande zote mbili za kapi.

Uzi Usiovutika: Kwa sababu uzi umechukuliwa kuwa hauna uzito, na kapi halina msuguano. Kutovutika kwa uzi ni jambo jingine: ndiko kunakofanya mizigo yote miwili iwe na mchapuko wenye ukubwa mmoja. Mimi nilichanganya mambo hayo mawili mwaka mzima, ndiyo maana nikajiita hivi.