Waliowahi kuchomwa dawa ya usingizi pamoja na ya maumivu, tupeane uzoefu

Habari wakuu, waliopitia hii kitu naomba tupeane uzoefu. Mimi bega liliteguka wakanichoma midazolamu na fentanili ndo wakalirudisha. Nilimuuliza nesi kwani moja haitoshi, akasema midazolamu inakulegeza na kukusahaulisha ila maumivu haiyagusi, fentanili ndo inayakata, zikienda pamoja kila moja unapewa kidogo. Ubaya wake zote zinapunguza kupumua na zikikutana zinapunguza zaidi, ndo maana hakunitoka hata hatua moja. Nakumbuka kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinalia ti ti ti, mara mlio ukashuka ukawa mzito, nikasikia ananigonga bega la upande mzima "vuta pumzi, vuta kubwa!" nikavuta, akaniongezea oksijeni. Bila yule dada sijui.

Msomaji wa pili:
Pole sana mkuu. Baba alikuwa ICU kwenye mashine ya kupumulia, dawa ya usingizi inaingia masaa yote lakini kila wakimgeuza machozi yanamtoka na mapigo yanapanda. Daktari wa zamu akamwangalia akasema huyu kalala ila anaumia, wakamwanzishia mofini, ya usingizi ikapunguzwa, akatulia kabisa. Jamani usingizi sio dawa ya maumivu, mkiwa na mgonjwa wenu ulizeni ya maumivu kapewa?

Wa tatu:
Mimi niliwaficha. Asubuhi nilimeza tramadoli sababu ya mgongo, nikaenda kupimwa tumbo kwa kamera, nikaulizwa unatumia dawa gani nikasema hamna. Dozi ya kawaida ya dawa za usingizi na maumivu ikanizidi, wakanichoma naloksoni (inazima nguvu ya dawa kali za maumivu kama tramadoli na fentanili) pumzi ikarudi na maumivu yakarudi yote. Halafu wakanizuia mpaka jioni maana naloksoni inaisha mapema kuliko tramadoli, unaweza ukazama tena. Semeni kila kitu, hata pombe ya jana!

Wa nne:
Na wanaochanganya diazepamu (ndugu yake midazolamu) na tramadoli nyumbani ili walale, acheni, hospitali kuna mtu anakuangalia pumzi, chumbani kwako nani anaangalia? Marekani toka 2016 FDA, mamlaka yao ya dawa, inataka onyo lao kali kabisa kwa mchanganyiko huo.

Wa tano:
Mwanangu alishonwa kwa ketamini tu, hiyo inalaza na kukata maumivu na kawaida pumzi haishuki sana. Ila hawakuniambia kwamba macho yanabaki wazi, nikawa namwita jina kwa nguvu mpaka nesi akanishika mkono.

Mwenye uzi:
Hiyo ya macho nashukuru umeisema, wazazi wengi hawaijui. Wengine endeleeni.