Naomba ushauri: je, nisimame kutoa ushuhuda kanisani Jumapili hii?

Muuza Viatu: Wanajukwaa, hamjambo? Nina umri wa miaka 34, nauza viatu vya mitumba Gikomba, na nilitumia unga, yaani heroini, kwa miaka sita. Tangu Januari ninaishi katika nyumba ya kanisa letu inayowapokea wanaotaka kuacha. Tunaamka mapema kwa maombi, kila mmoja ana mzee wa kumwongoza, na jioni tunaungama makosa yetu mbele ya wenzetu. Nashukuru Mungu, sijarudia. Jumapili hii nimepangiwa kutoa ushuhuda wa uponyaji, na mke wangu, aliyerudi kwao Machakos na mtoto wetu, ameahidi kuja kusikiliza. Hata hivyo silali kwa hofu. Nisimame au nisisimame?

Mama Wawili: Mwanangu, simama. Lakini la muhimu zaidi ni huyo mke: je, umemtumia nauli? Mume wangu aliuza mtungi wa gesi ukiwa umejaa, nami nikapika kwa makaa miezi minne nikimsikiliza akitubu. Nilirudisha moyo siku aliyonunua mtungi mwingine, wala si siku aliyolia madhabahuni.

Karani Mstaafu: Ndugu, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya ushuhuda wa kweli. Ni jambo gani hujatueleza?

Muuza Viatu: Mzee, umenibana. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, hupitia kliniki ya Mathari kunywa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga. Kanisani hakuna ajuaye. Mchungaji hufundisha kwamba anayetegemea dawa bado hajafunguliwa, na mimi sitaki kusema uongo nikiwa nimeshika Biblia. Kwa hiyo nimeacha. Mara ya mwisho nilikunywa Jumanne, na leo ni Alhamisi. Naona ni heri nivumilie siku chache ili Jumapili niseme kweli tupu.

Fundi Bomba: Yaani umeacha dawa ili usiseme uongo, na ulisema uongo ili unywe dawa. Hata mabomba ya Kayole hayajapindika hivyo.

Dada wa Kwaya: Nisameheni nikisimulia yangu. Kaka yangu alikuwa mnywaji wa chang'aa. Walimfungia chumbani na Biblia aache kwa siku moja. Siku ya tatu alianza kuona wadudu ukutani, akatetemeka mwili mzima, na tulimpoteza njiani kuelekea hospitali. Ninaimba kwaya hadi leo na imani yangu haijapungua, ila tangu hapo sipendi kusikia mtu akiambiwa aombe tu.

Muuza Viatu: Pole, dada. Lakini unga si pombe, na mimi sijafungiwa na mtu. Nimeamua mwenyewe.

Muuguzi wa Zamani: Ni kweli kwamba kuacha pombe ghafla kunaweza kuua, na kwamba arosto ya unga, yale mateso ya mwili ukiukosa, huua kwa nadra. Kinachoua ni kinachofuata: mwili ukishasahau unga, kipimo ulichokizoea zamani huweza kukukata pumzi mara ya kwanza utakapoteleza. Methadoni hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mpango, kwa muda mrefu. Rudi kesho, na uwaambie umekosa siku ngapi kabla hawajakumiminia, kwa sababu huenda wakalazimika kukipima upya kipimo chako.

Msema Kweli: Samahani, mimi naona hadithi hii imetungwa. Mtu anayeishi katika nyumba ya kanisa anatokaje kila siku bila kuulizwa? Na kwa nini asipewe dawa akae nayo? Mwandishi anatafuta wasomaji.

Karani Mstaafu: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Muuza Viatu: Belo za viatu Gikomba hufunguliwa alfajiri, na anayechelewa hupata masalio, kwa hiyo hakuna anayeshangaa nikitoka mapema. Dawa sipewi kubeba. Muuguzi hunimiminia katika kikombe kidogo cha plastiki, nakunywa mbele yake, halafu huniuliza viatu vinauzwaje, si kwamba anataka viatu, bali anataka nifungue kinywa ajue nimemeza. Kama nimetunga, basi na hizi miayo na machozi yanayonidondokea kwenye simu nimeyatunga pia.

Msema Kweli: Sijashawishika sana. Lakini kama ni kweli, nenda kliniki.

Mama Wawili: Na mke mweleze wewe mwenyewe, kwa simu, leo. Asije kuyasikia kwa jirani.

Muuza Viatu: Mke sijampigia bado. Kliniki nitakwenda kesho. Ushuhuda nimeomba usogezwe hadi mwisho wa mwezi, nikamwambia mzee wangu kwamba nina mafua. Najua huo nao ni uongo.

Fundi Bomba: Siku ya pili ya arosto, na pua inavuja? Hapo hujadanganya sana.